Kamba za Fundi wa Mipira

Fundi wa mipira alivaa tai kazini na kuivua akienda kanisani. Jumatatu hadi Jumamosi ungemkuta kwenye banda lake la mabati pale Kenya, mtaa wa mji wetu wa Élisabethville, upande wa pili wa soko, amepiga magoti mbele ya gurudumu la gari, ncha ya tai yake nyeusi ameichomeka kati ya vifungo viwili vya shati isiguse vumbi. Jumapili alikaa benchi la tatu, shingo wazi, kama mtu aliyeko nyumbani kwake. Mke wangu, ambaye hakuogopa kumuuliza mtu chochote, alimsimamisha siku moja baada ya misa.

"Papa Fundi, kravate yako iko wapi leo?"

"Mungu ananijua, mama," alisema. "Ba shofere njo habanijue bado."

Mimi nilikuwa mmoja wa hao mashofere aliosema hawajamjua bado. Nilimfahamu miaka ya hamsini karibu yote, kwanza nikiendesha gari la duka la mfanyabiashara mmoja wa Élisabethville, kisha nikiendesha gari langu mwenyewe, na muda wote huo sikumwita kwa jina. Hakuna aliyemwita kwa jina. Naye hakuniita vinginevyo ila "shofere," hata siku niliyokwenda kumjulisha kwamba nimepata mtoto wa kwanza. Wapo watakaokuambia alikuwa mkali. Si kweli. Alikuwa mbishi, na mbishi anayeijua kazi yake huonekana mkali machoni pa mtu asiyeijua. Nina haki ya kusema hivyo kwa sababu nilibishana naye kuliko wateja wake wote, na kila mara nilirudi nyumbani nimeshindwa.

Ukiingia bandani kwake, kitu cha kwanza kukiona hakikuwa mipira. Zilikuwa kamba. Ukuta mzima wa nyuma ulijaa misumari, na kila msumari ulining'iniza kamba moja ya katani yenye fundo kila upande. Mtu asiyejua angedhani anafuga mbuzi. Kila kamba ilikuwa ya gari moja, nayo ilipatikana hivi: ukileta gari lenye magurudumu yanayolifaa, Fundi alichora mstari wa chaki kwenye mpira na mwingine ardhini chini yake, kisha akaamuru gari lisukumwe taratibu mpaka mstari wa kwenye mpira uguse ardhi tena. Hapo alichora mstari wa pili ardhini, akavuta kamba kutoka mstari hadi mstari na kufunga mafundo. Urefu huo ndio mzunguko mmoja wa gurudumu lako. Siku ukija kubadilisha mpira, kamba yako inashushwa msumarini, na mpira mpya unatembezwa juu ya chaki kama ule wa zamani.

Na hakupima gari tupu hata siku moja. Hilo ndilo lililowachosha watu. Kabla ya kuchora chaki ilibidi gari lijae, maana alisema gari tupu linasimama kwa majivuno na gari lenye watu linasema ukweli. Basi akina mama waliokuwa wakipita na beseni za muhogo waliitwa wakae kiti cha nyuma, vijana wa kinyozi wa jirani wakaitwa, na kama hawatoshi, gunia la unga likapakiwa. Kuna mama mmoja mnene wa sokoni ambaye nadhani alipanda magari mengi zaidi kuliko gavana, na hakuna hata moja lililompeleka zaidi ya hatua mbili.

Nilimuuliza kwa nini asisome tu namba zilizoandikwa ubavuni mwa mpira, kwa kuwa kusoma alijua, na Kifaransa alikijua kunishinda.

"Namba iko ya leta," alisema. Leta ndilo jina tuliloiita serikali. "Mpira ikiisha, namba haiishe. Bakiuvika ngozi mupya, namba inabakia ya zamani. Mi naanza na karatasi ya gari, naangalia namba bameandika, juu ya kontrole. Kiisha nakamata kamba, juu ya njia."

Karatasi kwanza, kwa ajili ya ukaguzi; kamba baadaye, kwa ajili ya barabara. Alifuata utaratibu huo hata kwa gari la padri. Ukimwambia karatasi umeisahau nyumbani, alikaa chini na kuanza kumenya karanga, na hapo ulijua huna budi kurudi kuichukua.

Mikono yake aliinawa kabla ya kazi. Baada ya kazi hakunawa. Alisema mchanga kidogo kati ya chuma na nati unaweza kuifanya nati ijifungue yenyewe njiani, lakini mchanga kwenye ugali haujamuua mtu. Kwa hiyo alishika magurudumu kwa mikono misafi kama ya daktari, na kila alichokula nyumbani kwake kilikuwa na harufu ya mpira. Akipiga pampu alihesabu kwa Kifaransa, kwa sauti, na ukimsalimu katikati ya hesabu hakukujibu. Alifika mwisho, akajipangusa, ndipo akasema, "Bonjour," pengine wakati wewe umeshaondoka.

Kwa Wazungu alikuwa na adabu nyingine, na katika mambo yake yote hilo ndilo lililoniudhi. Sisi alituambia hapana kabla hatujashuka garini. Mzungu hakumwambia hapana kamwe. Alikuja mmoja kutoka nyumba zao za upande wa Karavia, penye ziwa, na gari la wazi la rangi nyekundu, akitaka afungiwe magurudumu manene yaliyochomoza nje ya mabati ya gari, ili Jumapili aonekane vizuri akizunguka ziwa. Fundi alisema, "Oui, patron." Akanawa mikono. Akaomba karatasi, akaisoma kwa sauti. Akalitembeza gurudumu nene juu ya chaki, akaitandaza kamba ya gari ardhini na kuiacha pale, fupi kwa kiganja kizima, kisha akasimama pembeni na mikono nyuma. Mzungu akaitazama kamba. Akamtazama Fundi. Mimi niliyekuwa nikisubiri zamu yangu nilianza kuhesabu mabati ya paa. Mwishowe mzungu alitukana kwa lugha yake, akapakia magurudumu yake manene na kuondoka na yale ya kawaida.

"Ungemuambia tu," nilisema.

"Nilimuambia," alisema Fundi. "Weye haukusikia?"

Sasa nifike kwenye baiskeli, maana bila baiskeli hamtamwelewa. Mtu huyu aliyekataa gurudumu kwa tofauti ya vidole viwili alipanda baiskeli yenye gurudumu la mbele dogo kuliko la nyuma. La mbele lilitoka kwenye baiskeli ya mtoto. Alipokuwa akiiendesha alionekana anateremka mlima, hata pale Kenya ambapo ardhi ni sawa kama meza. Tulimcheka, tukamsimamisha njiani tumwombe karatasi za baiskeli. Hakukasirika.

"Nikianguka, nitaanguka peke yangu," alijibu. "Weye unabeba bantu."

Na katika gari hakupanda. Simaanishi kwamba alipanda mara chache. Hakupanda gari la mtu yeyote, wala teksi, wala lori, wala gari la maiti kwenda makaburini. Alifuata mazishi kwa ile baiskeli yake. Alipoulizwa alifikaje mjini kutoka kwao kaskazini, alisema kwa miguu, kisha kwa treni, na treni haina neno kwa sababu hakuna mjanja anayeiletea magurudumu ya treni nyingine. Wengine walisema ni mwoga. Mimi niliona ni dharau. Ulilipa, ulishukuru, ulimwambia ingia nikusogeze mpaka kwako, naye akachukua baiskeli. Ilikuwa kama mpishi anayekupakulia chakula na yeye mwenyewe haonji.

Siku moja nilimwambia wazi, nikiwa na hasira kidogo: "Papa Fundi, siku moja utapanda mu gari yangu."

"Siku nitakuwa na hakika ya kamba," alisema, "na hakika ya weye."

Maneno hayo yalinikaa rohoni. Nikisema yalinikaa, namaanisha nilikuwa nikila chakula nayakumbuka. Nilitaka mtu huyo akae kwenye kiti changu cha mbele kuliko nilivyotaka mteja yeyote mwingine, na nilijua pia kwa nini hakuwa na hakika nami. Sababu nilimpa mimi mwenyewe, nayo ni kisa cha magurudumu yanayong'aa.

Nilikuwa nimenunua gari langu la kwanza, dogo, la Kifaransa, baada ya miaka ya kuendesha la bosi. Mpango wangu ulikuwa kubeba watu, na ili nibebe watu ilinipasa kupita ukaguzi wa leta na kupewa kibali. Nisipokipata, ningerudi kwa bosi kumwomba ufunguo wa gari lake. Mipira ya gari ilikuwa imekwisha. Wakati huohuo, nyuma ya gereji moja ya mjini, kulikuwa na gari kubwa la Kimarekani lililogonga mti, na magurudumu yake manne yalikuwa mazima, mapana, yenye vikombe vya chuma katikati, vya kung'aa kiasi cha kujiona meno. Pale Kenya bibi arusi hakutaka tu gari, alitaka gari lenye magurudumu. Mama wa bibi arusi alikuja siku tatu kabla, akayatazama kwanza hayo, ndipo akauliza mengine. Sijui kama mji mwingine ulikuwa na desturi hiyo. Mimi nilihesabu matundu ya nati: matano kwenye gari langu, matano kwenye yale ya Kimarekani. Nikajiona nina akili.

"Non," alisema Fundi. Nilikuwa bado nimeshika mlango.

"Matundu iko matano, Papa Fundi. Iko sawasawa."

"Vidole byako pia iko bitano. Unaweza kuvaa mukono yangu?" Alilipiga gurudumu teke dogo. "Tundu ya katikati iko kubwa, itakaa bibaya. Mpira unapita karatasi yako, kontrole atakukatalia. Na ukibeba bantu, ukikata kona, itakamata bati. Beba batano, geuza usukani mpaka mwisho, halafu sikiliza. Usiniamini miye. Sikiliza."

Sikumwamini, wala sikusikiliza. Nilikwenda kwa fundi mwingine, mchangamfu, ambaye aliyapanua matundu kwa tupa na kuweka vipande vya chuma kati ya gurudumu na gari ili yasiguse ndani. Yakatoka nje ya mabati kwa upana wa kiganja. Nilizunguka soko mara mbili nikiwa peke yangu garini, yakazunguka vizuri sana. Nilipita mbele ya banda la Fundi nikapiga honi. Alikuwa akihesabu pampu, hakuinua kichwa.

Jumamosi, kibali nikiwa bado sijakipata, nilibeba harusi ya karani mmoja. Nyuma walikaa bibi arusi na mashangazi wawili wenye afya njema, mbele bwana arusi na mpambe wake. Tuliondoka vizuri, watu wakashangilia magurudumu. Pale pa kukata kona kuingia kanisani niligeuza usukani mpaka mwisho, na gari likalia. Mpira wa mbele ulikuwa umeuma bati na bati limeuma mpira, usukani haurudi kushoto wala kulia, na gari limesimama limekingama mlangoni pa kanisa, halitoki. Bwana arusi alivua koti, akasukuma. Shangazi mmoja alishuka akaniuliza kwa upole kama hii ndiyo gari ya magurudumu waliyosifiwa. Mpaka leo nikisikia kengele ya kanisa masikio yananiwaka moto. Kufikia ukaguzi zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Nilirudi bandani kwa Fundi nikiwa nimeligongagonga bati kwa nyundo ili mpira upate kuzunguka. Nilitegemea anicheke. Ningefurahi kama angenicheka. Alilitazama bati lile muda mrefu, akalipitisha kidole, akauliza jambo moja tu.

"Bantu bangapi balikuwa mu gari?"

"Batano na miye."

"Ulikuwa unakimbia?"

"Hapana. Pale kanisani."

"Bon," alisema, akavuta pumzi. "Bon. Pale kanisani."

Alirudisha kidole kwenye bati lililoumwa, na aibu niliyoisikia hapo ilizidi ya mlangoni pa kanisa. Mimi nilikuwa nimeogopa kuchekwa. Yeye alikuwa anapiga hesabu ya barabara ya kaskazini, mteremko, na mashangazi walewale nyuma.

Yangu ya zamani nilikuwa nimeyauza, basi alinitafutia magurudumu kwa siku tisa. Mawili aliyapata kwenye gari la aina yangu lililokufa injini, moja kwa mkulima, la nne sikuambiwa lilitoka wapi. Karatasi aliisoma, kamba akaifunga upya, mama mnene wa sokoni akapanda. Mkaguzi, mzungu mwenye miwani, alipiga magoti akapima, akatazama namba, akaangalia kama kuna mpira unaotokeza nje ya bati, na akagonga muhuri. Gari langu lilikuwa na sura ya kawaida kabisa. Akina mama wa mabibi arusi hawakulitazama tena. Nilibeba wagonjwa, walimu, mifuko ya samaki wakavu, na nilikula vizuri, asante.

Fundi hakupanda. Miaka ikapita, hakupanda.

Kifua kilipomwanza, banda lilifungwa nusu siku, kisha siku nzima. Daktari alimwambia aache moshi na vumbi, naye aliamua kurudi kwao kaskazini, Mitwaba, kwa dada yake. Malori yalikwenda huko kila wiki. Mtu alikuja kwangu asubuhi moja akasema Fundi ananiita, nije na gari, na nije na watu wa kulijaza.

Nilimkuta ameketi mlangoni, sanduku moja miguuni, tai shingoni. Alikuwa amekonda. Kamba yangu alikuwa ameishika mkononi.

"Miye naenda Mitwaba," alisema. "Natafuta gari. Karatasi."

Nilimpa karatasi. Aliisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali, akanirudishia. Mke wangu aliingia nyuma na majirani wawili, na mama wa sokoni, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alikuja mwenyewe bila kuitwa. Fundi alinawa mikono. Aliinamia gurudumu la kwanza, akachora chaki kwa kupapasa, nikasukuma, akavuta kamba.

"Jicho yangu haione tena fundo," alisema. "Soma weye."

La kwanza lilikuwa sawa. Nikasema sawa. La pili sawa. La tatu sawa. La nne, la nyuma kushoto, nilijua kabla hatujafika. Wiki ile mpira ulinipasukia njiani, nami nikaweka wa rafiki, uliovikwa ngozi mpya, wenye namba ileile ya kwenye karatasi. Mkaguzi asingeuona. Nilijiambia ni wa siku mbili tatu. Nilikuwa nimekwisha kuusahau, kama mtu anavyosahau jambo asilotaka kulikumbuka.

Tuliutembeza. Chaki iliishia pungufu ya fundo kwa vidole viwili. Fundi alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa kamba, uso ameuinua, macho yake yana ukungu, anangoja neno langu. Nilimngoja mtu huyu miaka. Sanduku lake lilikuwa limekwisha fungwa, kiti cha mbele kiko wazi, na neno moja lingetosha. Ningekwenda polepole. Vidole viwili. Nani angejua?

"Iko fupi, Papa Fundi," nilisema. "Vidole bibili."

Akaanza kuizungusha kamba mkononi.

"Bon. Basi leo siende."

Aliinuka kwa kunishika bega, akarudi kuketi mlangoni, akatoa karanga mfukoni. Hakunilaumu, hakunisifu. Nilizunguka mji mzima siku ile nikitafuta mpira, nikaupata jua likielekea kuzama, nikaufunga mwenyewe huku yeye ananihesabia nati.

Kesho yake asubuhi watu walewale walipanda tena. Chaki, kamba. Nikasoma: sawa, sawa, sawa, sawa, na wa nyuma wakashuka. Fundi hakuuliza mara ya pili. Alifungua mlango wa mbele, akatazama kiti kana kwamba kuna mtu, akaingia. Alilegeza tai. Kisha akaivua, akaikunja na kuiweka mfukoni.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nilidhani ataniambia punguza, kata kona vizuri, sikiliza ule wa nyuma. Tuliacha nyumba za mwisho za mji, barabara nyekundu ikafunguka mbele. Kwenye kona ya kwanza nilitega sikio upande wa magurudumu, kama alivyonifundisha. Sikusikia kitu huko. Nilichosikia ni mkoromo wake. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, amelala. Alilala mpaka adhuhuri, nami kila penye shimo nilipita taratibu nisimwamshe.